Majiko ya Paskazia Yasiyopasuka

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Wakubwa zangu, wale wachache mliobaki, shikamooni. Wadogo nyote, marahaba. Kama uko jikoni, usitoke. Ongeza sauti ya redio, ubaki hapo hapo na sufuria yako. Maneno ya leo ni ya jikoni.

Leo tunamkumbuka Paskazia Chenge, mfinyanzi wa majiko ya udongo, mkazi wa Igoma hapa Mwanza. Alifariki Jumanne iliyopita asubuhi, akiwa ameketi kwenye kiti, kwa sababu kulala chali alikuwa ameshindwa siku nyingi. Ugonjwa uliomuua ni saratani ya utando unaofunika mapafu. Narudia, maana mtaani yamesemwa mengi. Haikuwa TB. Haikuwa kurogwa. Ilikuwa saratani ya utando wa mapafu, na ilitokana na vumbi la kitu kinachoitwa asbesto, vumbi alilolivuta akiwa bado mama kijana.

Kuna jambo moja Paskazia alilitaka kabla hajafa. Alitaka kila mwanamke mwenye jiko lake, na kila mwanamke aliyejifunza kufinyanga kwake, aache kutwanga vigae vya majiko yale. Hilo tu. Nitawaeleza kwa nini, na jinsi lilivyomsumbua.

Tuanzie kwao. Paskazia alizaliwa Ukerewe, nje kidogo ya Nansio. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na bibi yake alikuwa mfinyanzi. Udongo waliuchimba bondeni, wakaubeba kichwani, wakaukanda kwa miguu. Shule alisoma kidogo, akaachishwa akae na wadogo zake. Lakini mikono yake ilikuwa imeshasoma. Akiwa bado binti, chungu chake ungekigonga kwa ukucha kikalia kama kengele ya kanisani.

Akaolewa na Jonathan Chenge, fundi wa boila kwenye kiwanda kimoja cha kuchambulia pamba huku Mwanza. Kiwanda chenyewe hakipo tena, kimebaki ukuta na nyasi. Jonathan alikuwa mtu mrefu, mpole, mikono imejaa makovu ya mvuke. Wasikilizaji, boila ni kama birika kubwa kuliko nyumba. Linachemsha maji, mvuke unapita kwenye mabomba, mashine zinazunguka. Yale mabomba yalikuwa yamefungwa kitu cheupe, laini, kama sufi ya kwenye mito. Moto haukiunguzi. Kikichakaa kinachanwa, kinarundikwa nyuma ya kiwanda, kinafungwa kipya.

Kile kitu cheupe ndiyo asbesto. Jonathan hakulijua hilo jina. Hakuna aliyemwambia kitu. Alikichana kwa mikono mitupu, akiwa amevaa shati lake tu, na jioni alirudi nyumbani na nywele nyeupe. Siku moja akajaza gunia, akalileta Igoma. Aliona ni mali inatupwa.

"Baba alisema hii haiungui, mama yenu atajua la kufanya," ananisimulia Evelina, binti yao. "Sisi watoto tukaichezea. Kaka Nestory akajibandika ndevu, akawa padri, akatubariki wote."

Sasa sikilizeni hapa, ndipo penyewe. Kila mfinyanzi anajua udongo mtupu unapasuka motoni. Ili usipasuke, unachukua vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, unavitwanga kwenye kinu, unavichekecha, unachanganya unga wake na udongo mpya. Ndivyo walivyofanya mabibi zetu. Chungu kilichokufa kinaingia ndani ya chungu kinachozaliwa. Hakuna kinachotupwa.

Lakini jiko la mkaa ni gumu kulitengeneza kuliko chungu. Linakaa na moto tumboni kila siku. Majiko ya Paskazia yalikuwa yanapasuka kama ya wenzake. Basi akachukua ile sufi ya boila. Akaikata kwa kisu, akaitwanga pamoja na vigae, akaikanda kwenye udongo.

Lile jiko halikupasuka.

Wasikilizaji, wale wa umri wangu mnakumbuka. Wanawake walitoka Buzuruga, walitoka Nyakato, wengine walivuka ziwa. Sokoni walitaniana: "Jiko la Paskazia halipasuki. Utapasuka wewe na mumeo, jiko litabaki." Kila jiko alilitia alama yake. Kabla udongo haujakauka, alibonyeza vidole vitatu ukingoni, karibu na mdomo wa kutolea majivu. Ukiona vidole vitatu, ujue ni Paskazia.

Evelina anasema: "Akitwanga, vumbi linapanda mpaka humwoni. Anatoka mweupe kuanzia kope. Tunamwita mzimu, anatukimbiza na mchi. Tulicheka sana pale nyumbani, bibi."

Jonathan alimletea magunia mengine ya sufi, mpaka kiwanda kikafungwa, boila likapoa, sufi ikaisha. Jonathan akafariki miaka kadhaa baadaye, akikohoa, na cheti kikaandikwa kifua. Paskazia aliendelea kufinyanga bila ile sufi. Wala hakuwaza kitu. Ila majiko yale ya zamani yalipochakaa na kuvunjika, alifanya alichofundishwa na mama yake. Alivitwanga vigae vyake, akaviingiza kwenye udongo mpya. Na wanafunzi wake aliwafundisha hivyo hivyo. Mnaona lilivyotembea jambo hili? Asbesto iliyolala kwenye jiko zima imefungwa na udongo. Ukiivunja na kuitwanga, inaamka. Inakuwa vumbi, na vumbi linaingia kifuani.

Mwaka juzi Paskazia akaanza kuchoka. Ndoo ya udongo aliyokuwa akiibeba huku anaimba, sasa anaitua mara mbili njiani. Akadhani ni uzee. Kisha yakaja maumivu ubavu wa kulia. Aliniambia ni kama mtu amemfunga kanga kifuani na kila siku anaikaza. Akivuta pumzi, inakata. Usiku anatoka jasho mpaka shuka inalowa. Nguo zikampwaya. Kikohozi kikavu, hakitoi kitu.

Alipewa dawa za TB. Makohozi yalipimwa, hayakuonyesha TB, lakini dalili zilifanana, na huku kwetu kifua kikisumbua, la kwanza kufikiriwa ni hilo. Akanywa dawa zote. Hakupona. Majirani wakaanza kumtengea kikombe. Mama mmoja alimwambia Evelina dirishani, "Mama yako achunguze kijijini kwao, kuna mtu kamkalia."

Picha ya kifua ikaonyesha maji yamejaa upande mmoja, kati ya pafu na mbavu. Wakayatoa. Akapumua, akaomba ugali na sato. Baada ya muda mfupi yakarudi. Wakayatoa tena, yakarudi tena. Hapo ndipo akapelekwa hospitali kubwa, akakutana na daktari kijana anaitwa Muganyizi, mtu wa Kagera. Wakamnyofoa kinyama kidogo kwenye ule utando, wakakipima.

Nilimwomba daktari huyo anieleze polepole, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa. Pafu limevikwa utando mwembamba, kama ngozi ile nyepesi ndani ya ganda la yai. Nyuzi za asbesto ni ndogo mno, huzioni kwa macho. Ukizivuta, zinachoma mpaka kwenye ule utando, zinakaa. Haziozi, hazitoki. Zinakaa miaka ishirini, thelathini, arobaini, hata zaidi, mtu ni mzima, anacheza na wajukuu. Kisha utando unaanza kuota saratani, unakuwa mnene, unalibana pafu. Narudia: inachukua miaka mingi. Ndiyo maana mtu hakumbuki alivuta wapi. Na ugonjwa huu hauambukizi. Kikombe chake ungeweza kukinywea.

Daktari alimuuliza, "Bibi, umewahi kufanya kazi kiwandani?"

"Mimi? Mimi ni mfinyanzi, baba. Kiwandani alikuwa mzee."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Boila. Hii sufi ya boila aliniletea yeye."

Evelina anasema daktari aliweka kalamu chini. Akauliza, "Sufi gani?" Paskazia akaeleza yote, na bado alikuwa na fahari kidogo, jinsi majiko yake yalivyokuwa hayapasuki. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti karibu, akamwambia kwa upole kile kilichomo kifuani mwake na kilivyoingia.

Paskazia akauliza, "Nina muda gani?"

"Bibi, mimi si Mungu. Wengi wenye ugonjwa huu hufika kama mwaka mmoja tangu tulipoutambua. Wengine hawafiki. Wachache wanavuka, miaka miwili, mitatu. Inategemea aina yake na umeugundua lini. Wa kwako umechelewa kuonekana. Kuuondoa wote hatuwezi. Kukupunguzia tunaweza."

"Na wale wanawake wangu?"

"Wanawake gani?"

"Niliowafundisha kutwanga."

Hapo ndipo lilipoanzia lile jambo moja. Kutoka siku ile, wasikilizaji, Paskazia hakuzungumza sana juu ya kifo chake. Alizungumza juu ya vinu.

Alirudi nyumbani akawaita watoto. Nestory, yule padri wa ndevu nyeupe, sasa ni baba mzima, na ndiye anayeuza majiko barabara ya Musoma. Kibao chake kimeandikwa Majiko ya Paskazia. Mama akamwambia anataka kwenda redioni.

"Kusema nini, mama?"

"Kusema majiko yangu ya zamani yana sumu. Wasiyavunje."

"Mama! Nani atakuja kununua tena? Majiko ya sasa hayana kitu, tunayachanganya na mchanga. Watu hawatasikia zamani wala sasa. Watasikia Paskazia na sumu."

"Basi na waache kununua."

"Na watoto wangu wale nini? Wale hiyo redio?"

Evelina anasema mama yake alisimama, akashika ukuta, akapumzika kwanza ndipo akajibu. "Nestory, mimi nimebakiza pumzi za kuhesabu. Usinimalizie kwa kubishana." Nestory akatoka, akaenda zake. Hakuja nyumbani majuma kadhaa.

Simlaumu Nestory, na Paskazia hakumlaumu. Mtu akiona chakula cha watoto wake kinatishiwa, anapiga kelele.

Basi Evelina akamleta mama yake hapa studioni. Alikaa kiti hiki kinachonitazama. Alivaa kitenge cha bluu, amejifunga kilemba vizuri. Alianza kusema. "Mimi ni Paskazia. Kama una jiko lenye vidole vitatu..." Pumzi ikamwishia hapo. Tukangoja. Mlisikia ule ukimya, wengi mlinipigia simu mkidhani mitambo imeharibika. Evelina akamalizia yale maneno, mama anatikisa kichwa kukubali kila neno.

Kesho yake watu wakaanza kufika Igoma. Wengine na majiko vichwani, jambo ambalo hatukulitaka, tulitaka wayaache yalipo mpaka afisa afya wa kata afike. Mama Prudencia wa jirani alifika na hasira. "Umetulisha sumu miaka yote, Mama Nestory! Na ulituuzia bei ya juu!" Paskazia hakujitetea. Alisema, "Nami nimeila, mama. Mimi nimeila nyingi kuliko wewe. Hilo jiko ulilivunja?" Prudencia akasema la, ni zima. "Ulilitwanga?" Hapana. "Mungu ashukuriwe. Kaa hapo kwanza, upoe." Prudencia akakaa. Baadaye alimmenyea ndizi.

Bibi mmoja wa Nyakato alikataa kabisa. Alimwambia afisa afya, "Hili jiko nimezalia nalo, nimeozeshea nalo, na mume wangu nimempikia uji wa mwisho hapa. Mkalitafute la mwenzangu." Mpaka leo hajalitoa. Angalau ameapa hatalivunja.

Afisa afya wa kata alifanya kazi yake vizuri. Alifundisha watu kulowesha jiko kwa maji kwanza ili vumbi lisiruke, kulifunga kwenye mifuko ya plastiki miwili, bila kulipiga na bila kufagia pakavu. Yakazikwa shimo refu mbali na kisima. Orodha ya wanafunzi wake Paskazia aliitoa kichwani, jina moja moja, na Evelina akawapigia. Wakapatikana wote, isipokuwa mmoja. Celestina.

Celestina alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Yeye alirudi kwao Ukerewe akaolewa karibu na Nansio, na alipoondoka Paskazia alimpa zawadi: gunia zima la sufi ya boila na vigae vingi. Narudia, gunia zima. Simu yake haikupatikana. Paskazia akawa halali. Si kwa maumivu tu.

Na maumivu yalikuwapo, wasikilizaji, nisiwafiche. Hospitali walimtoa maji, wakamwekea dawa ya ungaunga ndani ya kifua ili pafu lishikane na ubavu, maji yasirudi. Hilo lilimsaidia. Alipewa dripu za saratani, zikamchosha, akaziacha mwenyewe baada ya kuongea na daktari. Mwishoni alipewa mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu. Kuna watu wanaogopa mofini, wanasema ni kumwua mgonjwa. Paskazia alisema, "Waje wakae na huu ubavu wangu siku moja." Kwa ile dawa aliweza kuongea na wajukuu. Alikonda, kifua upande mmoja kikawa hakiinuki. Sauti ikawa ya kunong'ona. Lakini swali lake lilikuwa lile lile kila asubuhi: "Celestina amepatikana?"

Siku moja Nestory akaingia. Hakukaa. Alimsikia mama yake akiuliza lile swali, naye Evelina akijibu bado. Akasimama mlangoni, akauliza, "Meli ya Nansio inaondoka saa ngapi?"

Mama yake akajaribu kuinuka.

"Mimi naenda, mama. Usiongee, utachoka."

Alivuka ziwa. Akashuka Nansio, akaulizia, akapanda pikipiki, akaulizia tena. Mchana simu ya Evelina ikalia. Evelina akaweka sauti ya juu, akaisogeza sikioni kwa mama. Nestory alikuwa anatembea, anahema. Na nyuma yake, anasema Evelina, walisikia mchi. Tu. Tu. Tu. Sauti ya mtu anayetwanga kitu kigumu.

Paskazia aliijua kabla ya mtu yeyote. Alimshika Evelina mkono. Kucha zilimwingia.

"Acheni!" Nestory akapaza sauti huko. "Jamani, acheni hicho kinu! Weka mchi chini, mdogo wangu, weka chini! Mimi ni mtoto wa Paskazia!"

Mchi ukanyamaza.

Paskazia akafumba macho, akasema, "Ahsante." Evelina anasema hajui alimwambia nani.

Kisha wakasikia sauti ya mwanamke mtu mzima ikichukua simu. "Mama Nestory? Shikamoo mama. Ni mimi, Celestina. Mbona mwanao ananitisha?"

"Marahaba mwanangu." Pumzi. "Nani anatwanga?"

"Wajukuu zangu. Nimewafundisha kama ulivyonifundisha. Mimi siku hizi siwezi, mama. Tangu kiangazi upande huu wa kushoto unanibana, nikitwanga kidogo tu pumzi inakata. Nimepewa dawa za kifua, sioni nafuu."

Evelina anasema mama yake hakulia. Aliomba kiti kisogezwe dirishani. Akanong'ona kwenye simu, "Usiwaruhusu watoto kugusa kinu hicho. Na wewe panda meli na Nestory. Kesho. Umwone daktari wangu. Mwambie ulikuwa mwanafunzi wa Paskazia, mwambie sufi ya boila. Usisubiri kama mimi."

Celestina alikuja. Aliingia kwa Paskazia, wakakaa pamoja, wameshikana mikono, wote wawili wakihema kwa zamu. Asubuhi iliyofuata, Jumanne, Paskazia alifariki.

Msibani wanawake walipikia mafiga ya mawe. Hakuna aliyeleta jiko. Nestory alikishusha kile kibao chake mwenyewe, akaandika kipya: Uliza kwanza jiko lako ni la lini. Biashara imepungua sana. Ameanza kupimwa kifua, na picha yake ya kwanza ni safi, ila daktari amemwambia awe anarudi.

Kwa Nestory, kwa Evelina, kwa wajukuu na kwa ndugu wote wa Igoma na Ukerewe, poleni sana. Tumelia pamoja nanyi. Mama yenu alifanya kazi kwa mikono safi, na alipoambiwa kilichokuwa ndani ya kazi yake, hakukificha.

Nanyi mnaonisikiliza, fikirini kidogo usiku huu. Baba yako alifanya kazi gani? Alirudi na vumbi gani nguoni, na nani alizikung'uta? Kama una kifua kisichopona, ubavu unaobana upande mmoja, maji yanayotolewa na kurudi, nenda ukamweleze daktari na kazi za zamani pia, zako na za mwenzako. Na kama una jiko lenye vidole vitatu ukingoni, usilivunje, usilitwange. Liloweshe maji, mwite afisa afya.

Celestina yuko wodini hapa Mwanza. Wamemtoa maji na kumnyofoa kinyama. Majibu hayajatoka.